Harufu Kwenye Glavu

Tarehe 3 Februari

Kitinda wangu,

Nakusalimu kwa mapenzi yote ya dada. Hujambo? Na lile jicho lililokuwa likitoa machozi ukikaa sana kwenye cherehani, limetulia? Usilifikiche. Mimi namshukuru Mungu, nimeamka salama, ila magoti yananikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi.

Sasa vuta kiti ukae, maana nina habari. Kazi yako, ile waliyokunyang'anya, nimeipata mimi. Si yote, shule yangu unaijua iliishia wapi. Nimechukuliwa kufagia na kulisha. Lakini chumba ni kilekile, mlango uleule wa bati wenye kitasa kilicholegea, na taa nyekundu ileile uliyonisimulia, kwa sababu wale sungusungu, wadudu wanaowafuga humu, hawaioni nyekundu. Nimejiandikisha kwa jina la marehemu shemeji yako. Hakuna anayejua kwamba mimi na wewe tumenyonya ziwa moja.

Nimekuja kwa jambo moja tu, na nakwambia wazi. Walikutoa humu baada ya miaka sita kwa barua ya mistari minne yenye neno "uzembe", na tangu hapo hakuna maabara iliyokufungulia mlango. Nakumbuka yote uliyoniambia siku ile uliporudi na sanduku lako. Kwamba Mwenye Funguo, mtunza chumba hiki, ndiye aliyesafisha kibano kwa spiriti, hakungoja kikauke, akamshika nacho mama wa kile kiota kikongwe cha miaka kumi na mmoja. Harufu ya yule mama ikatoka mwilini, wanawe wakamwona mgeni, wakamrarua. Kisha mwanamke huyo akasema ni mafuta ya waridi ya mikononi mwako. Sitatoka humu mpaka naye atoke kwa mlango uleule, na barua ya neno lilelile.

Nimemwona leo. Mfupi, mkavu, funguo zinamlilia kiunoni hata akipumua. Neno lake la kwanza kwangu: "Mama, unatembea kama gunia linaloshuka ngazi. Humu ndani tunakanyaga polepole, wenyewe wanasikia kwa miguu." Nikasema, "Na wewe unalia kama kengele, wamekuzoea?" Akanitazama, akacheka. Kicheko chake kizuri, na hilo limeniudhi zaidi.

Simu sitaki. Iko ukutani kwenye ujia, kila apitaye anaisikia. Tuandikiane.

Dada yako aliyekulea,
Dada Mkubwa

*

Tarehe 12 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jicho halijambo. Nashona sare za shule, arobaini na mbili kabla ya mwezi kwisha, na vifungo vimeadimika.

Dada, nakuomba utoke hapo. Mambo yale yameshapita. Mimi nimezoea cherehani, inanitosha, na watu wa huku hawaniulizi kitu. Sikukutuma unilipie kisasi. Kama ni lazima ukae kwa sababu ya kodi ya nyumba, basi fagia, lisha, nenda nyumbani. Viota vyenyewe usiviguse.

Mwenye Funguo ana ulimi mkali, lakini usimjibu kila mara. Hali peke yake, utaona. Hukata mkate wake vipande viwili kabla hajajua nani yupo.

Je, bado anaandika kila kitu kwenye lile daftari la jalada gumu? La kila Jumatatu, siku ya kupima uzito? Nauliza tu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Tarehe 1 Machi

Kitinda wangu,

Salamu nyingi. Natumai vifungo vimepatikana, na kwamba unakula mchana, maana najua ukishona unasahau. Mimi mzima.

Umeuliza "nauliza tu". Mimi nimekulea, najua ukiuliza tu unamaanisha nini. Nimekuelewa. Nimekwenda kwenye rafu ya madaftari, nimelitafuta la mwaka ule, nimeifungua ile Jumatatu. Haipo! Ukurasa umechanwa, tena si kwa papara, umechanwa kwa rula, safi kama ukingo wa pindo. Jumatatu ya kabla ipo, ya baada yake ipo. Na mwandiko wote ni wake. Niambie, mtu asiye na hatia anachana karatasi ya nini?

Nikarudi kwenye masanduku yangu, na kule nikaona kitu ambacho sitakisahau. Profesa alikuwapo, yule mzee anayesoma saa yake kwa kuisogeza puani. Akanieleza huku nikibadilisha pamba ya maji ya sukari. Kumbe hawa sungusungu hawajuani kwa sura. Kila mmoja amevaa harufu yake mwilini, nyembamba kama nta, na harufu hiyo ndiyo inasema yote: huyu mwindaji, huyu mlezi wa mabuu, huyu ndiye anayetaga. Mama wa kiota hana fimbo wala sauti. Harufu yake tu inawaambia wengine kwamba mayai yapo, nao matumbo yao yanabaki makavu maisha yao yote. Lakini kibarua mmoja akianza kuwa na mayai tumboni kwa siri, hajataga hata moja, harufu yake inageuka. Mama anamjua. Anamwendea, anapinda tumbo, anampaka tone kutoka mkiani. Basi. Hampigi. Anakwenda zake. Wenzake, waliokuwa wakimlamba jana, wanamnusa, wanamshika miguu yote sita na vile vipapasio vya kichwani, wanamvuta kama nguo inayokamuliwa. Siku tatu, siku nne, mpaka mayai yakauke tumboni.

Nimemwona mmoja kwa macho yangu, mwenye nukta ya rangi ya njano mgongoni. Nilisimama na kikombe cha nyenje, chakula chao, mkononi, nikasema kimoyomoyo: huyu ni mdogo wangu. Yule mwanamke alikupaka, ofisi ikakushika miguu.

Nikamuuliza Profesa, "Na kama kapakwa kwa kuonewa?"

Akacheka. "Mama, hawa hawana korti. Anayenuka anakamatwa."

Nimeliweka neno hilo moyoni.

Jambo moja lilinishtua. Juzi niliingia na beseni, nikausukuma mlango kwa kiwiko, kama mama alivyotuzoesha mikono ikiwa imelowa. Mwenye Funguo akainua kichwa. "Nilimjua mwingine aliyefungua mlango kwa kiwiko hivyo." Nikasema mikono ina maji. Akasema, "Ehe." Akaendelea kuhesabu nyenje.

Na ana kichekesho. Kila asubuhi anatundika jozi mbili za glavu, yake msumari wa kushoto, yangu wa kulia, na kabla hajazitundika anazipuliza moja moja kama maputo, anasikiliza kila kidole gumba sikioni. Nikamwambia, "Tuna sherehe?" Hakucheka. Siku hiyo hakucheka kabisa.

Nasali kila alfajiri. Namwambia Mungu wazi ninachotaka, simfichi. Hajanikataza bado.

Dada yako,
Dada Mkubwa

*

Tarehe 10 Machi

Dada,

Shikamoo. Uwe mzima.

Achana na daftari. Nakupigia magoti. Karatasi inaweza kuchanwa kwa sababu elfu moja, na wewe unajua moja tu. Mwanamke yule anastaafu mwezi wa sita. Ameishi maisha yake yote na sungusungu, hana mume, hana mtoto, atakwenda kukaa kwenye chumba chake na redio. Mwache aende. Mungu unayemwomba ndiye huyohuyo anayesema tusamehe, au mimi nimesoma kitabu kingine?

Kuna jambo ningekwambia tukiwa uso kwa uso. Kwenye karatasi haliingii. Njoo mwezi huu, hata siku mbili. Nitakupikia, nitakusugua magoti kwa mafuta ya moto.

Njoo kwanza, dada. Kabla hujafanya kitu.

Kitinda

*

Tarehe 17 Machi

Kitinda, moyo wangu,

Hujambo? Barua yako imenitoa machozi, na nilipoyafuta nilikuta hasira palepale chini yake. Wewe ni mpole mno. Tangu mtoto, mtu akikusukuma unamwomba radhi kwa kusimama njiani. Kwa sababu hiyo wamekukanyaga. Unamwombea mema mtu aliyekuzika ukiwa hai! Mimi sina moyo wako. Mungu amekupa wewe moyo, mimi akanipa mkono.

Nitakuja, lakini baada ya Jumatatu tarehe 24. Siku hiyo wageni wanakuja, watu kumi na wawili kutoka vyuo vingine, na Mwenye Funguo ndiye atakayewaonyesha namna ya kumtoa mama wa kiota na kumpima bila kumsumbua. Cha kona, kiota chake mwenyewe, alichokianzisha baada ya kile kikongwe kufa. Anakiita "wajukuu zangu". Profesa anasema ni zawadi yake ya kuagwa.

Nimenunua kopo la mafuta ya waridi. Dukani nilinusa matano mpaka nikapata lile uliloniambia walikusingizia. Asubuhi hiyo, akishazipuliza glavu zake na kuzitundika kushoto, huwa anakwenda kuwasha mizani. Dakika nne, nimepima. Tone moja kwenye kila kidole, kwa nje, nilisambaze lisionekane. Kopo litakaa kwenye droo yake, nyuma ya bahasha. Mama wa kiota atarudishwa ananuka waridi, na wanawe watafanya wanachojua kufanya, mbele ya watu wote.

Namhurumia yule mdudu, usidhani simhurumii. Nimemwomba radhi kupitia kioo. Lakini mwanamke yule namtakia aone kile ulichokiona wewe, kwa macho yaleyale, kwenye taa ileile. Na apewe mistari minne.

Usinijibu, utanilegeza. Nitakuandikia ikiisha.

Dada yako,
Dada Mkubwa

*

Tarehe 23 Machi

Dada, dada, dada,

Barua yako imenifikia leo Jumapili. Simu ya ujiani nimepiga mara sita kutoka duka la jirani, haipokelewi, ni siku ya mapumziko. Nitapiga tena kesho asubuhi, lakini najua nani hupokea, na najua ataweka chini akisikia sauti yangu, au sitaweza kusema. Hii nampa kondakta wa basi la usiku. Mungu aifikishe kabla hujafungua hilo kopo.

Ni mimi.

Mafuta yalikuwa yangu. Nilijipaka kweli. Kulikuwa na yule fundi saa, unamkumbuka nilikutajia mara moja tu, alikuwa aje mchana ule na shangazi yake kunitazama. Juma lililotangulia alinishika mkono akasema kwa utani, "Mikono yako kama msasa." Ni zile sabuni zisizo na harufu, zilikuwa zimenipasua vidole. Nikanunua mafuta, nikajipaka chooni asubuhi, nikasema nitavaa glavu, nani atajua. Glavu ya kulia ilikuwa imetoboka kidole gumba. Niliiona, dada. Nyingine zilikuwa stoo, na kuomba ufunguo ni kumsogelea Mwenye Funguo, naye angeninusa. Nikaivaa hiyohiyo. Kibano kiliteleza kidogo, nikamzuia mama wa kiota kwa gumba. Mara moja tu. Nikamrudisha.

Hujui wanavyofanya kwa utaratibu. Hawakimbii. Mmoja alimgusa, akarudi nyuma, akamgusa tena. Halafu wakaja wote.

Mwenye Funguo aliniona, akaninusa, akajua. Alikuwa ameshaandika kwenye daftari kwamba nimepaka mafuta na glavu imetoboka. Ofisi ilitaka kunishtaki, kiota kile kilikuwa na thamani kwao. Nilimshika miguu pale sakafuni. Akachukua rula akachana ukurasa, akasema, "Sikuona kitu. Watakutoa, lakini hawatakufunga." Profesa alikuwa ameshainusa glavu, kwa hiyo nilitolewa, lakini bila ukurasa ule neno likawa uzembe tu na si zaidi. Kwa ajili yangu Mwenye Funguo naye aliandikiwa onyo, la kwanza katika miaka ishirini na miwili. Fundi saa hakuja tena.

Utaniuliza kwa nini nilimtaja yeye. Siku ile nilifika na sanduku, ukanifungulia mlango ukaniuliza, "Nani kakufanyia hivi?" Hukuuliza nimefanya nini. Ulikuwa tayari umekunja ngumi. Nikaona nikisema mimi, ngumi ile itafunguka, na sijui ungenishika nayo au ungenifungia mlango. Nikatafuta jina. La kwanza lililokuja ni la mtu aliyenisaidia.

Mwanzoni niliomba uache kwa huruma. Haikuwa huruma. Ilikuwa woga.

Usilifungue kopo.

Mdogo wako, kama bado unanitaka,
Kitinda

*

Tarehe 25 Machi

Kitinda wangu,

Hujambo? Umelala vizuri? Mimi leo nimelala kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu urudi na lile sanduku.

Imekwisha.

Asubuhi alizipuliza glavu zake, akasikiliza gumba la kulia mara mbili, akazitundika, akaenda kwenye mizani. Nikafungua kopo, nikapaka kila kidole. Simu ya ujiani ililia sana, ikalia tena, nikasema nani huyu asubuhi yote hii, na hakuna aliyeipokea kwa sababu wageni walikuwa wakipanda ngazi.

Alisema vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema, "Humu ndani mwenye cheo ni mmoja, yule anayetaga. Mimi, Profesa na mama huyu wa nyenje ni vibarua." Wageni wakacheka. Akamtoa mama wa kiota kwa kibano laini, akamkinga kwa kidole, akampima, akamrudisha.

Kibarua mmoja akamgusa kwa vipapasio, akaruka nyuma. Akamgusa tena. Kisha taya zikafunguka. Walikuwa wanne, wakawa kumi. Walimshika miguu wakamtanua. Mgeni mmoja akasema, "Hii nayo ni sehemu ya maonyesho?" Mwenye Funguo aliinua glavu akainusa. Akaitazama. Halafu akanitazama mimi. Sikuinamisha macho, Kitinda, nilijiahidi sitayainamisha.

Profesa akasogeza uso. "Waridi," akasema, kama mtu aliyeona maiti. "Umepaka mafuta?"

Mwanamke yule akaishusha glavu. "Glavu ni zangu," akasema. "Jibu nalo ni langu."

Hivyo tu! Hakubisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mchana ofisi wakakuta kopo kwenye droo, na jioni ileile akapewa barua. Mistari mitano, nimeihesabu ikiwa mezani. Hataagwa mwezi wa sita wala wowote.

Alinikabidhi funguo mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. Alipozifungua kiunoni alionekana mdogo. Mlangoni akageuka akaniuliza, "Mikono yake imepona?"

Nikasema, "Ya nani?"

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Bila funguo hasikiki akishuka.

Nimejiuliza usiku kucha, hapana, sidanganyi, nimelala. Lakini nilipoamka swali hilo ndilo lililokuwa limekaa kitandani. Alikuwa anamzungumzia nani? Wewe unamjua. Niambie. Nimesali nikasema asante, na ulimi ulikuwa mzito, labda ni uchovu.

Furahi, mdogo wangu. Umelipiwa.

Dada Mkubwa

*

Tarehe 2 Aprili

Kitinda,

Nakusalimu. Natumai jicho halijambo na umepata nguvu ya kusoma haya mpaka mwisho. Mimi si mzima, na safari hii si magoti.

Barua yako ya tarehe 23 niliipata tarehe 28. Kondakta aliiacha kwa mlinzi wa chini, mlinzi akaumwa, barua ikalala mfukoni mwa koti lake siku nne. Niliisoma chini ya taa nyekundu, na wino wako mwekundu wa kuchorea vitambaa hauonekani pale, nikaona karatasi tupu. Nikadhani umekasirika umenitumia karatasi tupu. Nikatoka nayo ujiani, ndipo nikaona "Ni mimi".

Nimeisoma mara nyingi. Sina machozi. Nina hasira ambayo haijui pa kukaa. Ilitoka kwako ikaenda kwake, sasa imerudi, na njiani imepita kwangu ikachukua kila kitu.

Nilimwendea nyumbani kwake. Ghorofa ya pili, mlango wa kijani, ndoo ya maji nje. Alifungua, hakushangaa. Hakunikaribisha kiti.

Nikasema, "Ulijua."

"Tangu siku ya kwanza. Kiwiko. Na mnatembea sawasawa, kama magunia."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani umekuja kuniomba radhi kwa niaba yake," akasema. "Nikaona unaona haya. Nikawa nangoja uanze. Wiki saba nimengoja, mama. Mkate nilikuwa nakukatia."

Kitinda, nilipigwa makofi ujanani, unajua na nani. Hakuna lililoingia ndani kama hilo.

Nikapiga magoti, haya magoti yangu. Akasema, "Inuka. Mdogo wako alishapiga, yalinitosha. Radhi ya mlangoni siitaki tena. Niliaibishwa kwenye chumba kile, mbele ya Profesa, na palepale ndipo nitakapoisikia. Nyote wawili. Kabla ya hapo msiniambie Mungu wala nini. Sijasamehe, na sijui kama nitasamehe."

Halafu, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa, akaniuliza kama mama wa kiota yu hai. Nikasema yu hai, amekatika mguu mmoja, bado wanamshika. Akanifundisha hapohapo, kwa ukali, kama anamkemea mwanafunzi: nimtoe, nimweke kwenye sanduku jipya, nimpe vibarua waliotoka kwenye vifuko vyao siku ileile, wale weupe-weupe ambao ngozi haijawa ngumu. Hao bado hawajafundishwa harufu ya mtu yeyote. Nilifanya hivyo jioni ileile. Nilipata watano. Walimnusa, wakasimama. Kisha mmoja akaanza kumlamba ile waridi mgongoni. Leo siku ya tano, waridi imebaki kidogo sana, na juzi ametaga yai moja. Nilikwenda kumwambia kupitia mlango uliofungwa. Hakufungua, ila nilisikia amezima redio ili asikie.

Yule mwenye nukta ya njano alikufa mikononi mwa wenzake. Nilimfungua tumbo chini ya lenzi kwa ruhusa ya Profesa. Hakukuwa na yai hata moja. Yalikuwa yameshakauka zamani, na bado walikuwa wamemshika. Nimejiona mle, Kitinda. Sikuuliza. Nilinusa jina, nikakamata.

Sasa sikiliza, maana hapa sibembelezi. Nimemwomba Profesa nafasi Jumatatu tarehe 14 Aprili, saa nne, kwenye chumba cha taa nyekundu. Mwenye Funguo amekubali kuja. Mimi nitasema langu: kopo, glavu, dakika nne, droo. Wakinifunga wanifunge, wanayo haki. Lakini lako sitalisema. Sitakubebea tena kitu kinywani mwangu, hata salamu. Utalisema mwenyewe, kwa sauti yako, ukimtazama. Kisasi changu hakijaisha, kimehama nyumba tu, na wewe ndiwe uliyekipa anwani. Usipokuja, nitaweka barua yako ya tarehe 23 mezani, nitatoka, na mlango wangu ule ulioogopa kufungiwa, siku hiyo nitaufunga kweli.

Ukija, nitakungoja chini kwenye ngazi. Mikono tuioshe mimi na wewe kwa sabuni isiyo na harufu, tupande pamoja.

Na nionyeshe mikono yako. Aliuliza imepona, sikuwa na jibu.

Niandikie ni basi la siku gani. Nijibu upesi.

Dada yako,
Dada Mkubwa